Maneno Adimu ya Kiingereza na Faida Yake

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, hakimu mstaafu, katika mkutano wetu wa mwaka)



Awali ya yote natoa shukrani zangu kwa Kamati ya Maandalizi kwa kunipa heshima hii. Katibu aliponipigia simu aliniambia, "Mzee, utazungumza juu ya kuongeza msamiati wa Kiingereza, hasa yale maneno yako magumu. Lakini ukumbuke kuwa pilau itakuwa jikoni." Nimemwelewa. Nitajitahidi kumaliza kabla ukoko haujashika.

Wale tulioingia hapa pamoja mwaka 1964 mnajua kwa nini Katibu alinichagua mimi. Jina langu halisi halikutumika sana katika shule hii. Mliniita Kamusi. Nilikuwa na daftari lenye jalada la bluu, na kila Jumamosi, wenzangu walipokuwa wakicheza mpira, mimi nilikuwa maktaba nikinakili maneno ya Kiingereza kutoka katika ile kamusi kubwa iliyokuwa juu ya meza ya pembeni. Kipimo changu kilikuwa kimoja tu, nacho ni urefu. Neno likiwa na herufi chini ya kumi niliona halistahili wino wangu. Fahari yangu kubwa ilikuwa neno "floccinaucinihilipilification", lenye herufi 29, ambalo maana yake ni kitendo cha kulihesabu jambo kuwa halina thamani yoyote. Nililitamka mbele ya shule nzima katika mdahalo, mkapiga makofi. Tangu siku ile mpaka leo sijapata haja ya kulitumia hata mara moja.

Mwalimu wetu wa Kiingereza hakupiga makofi. Chini ya insha yangu moja aliandika kwa wino mwekundu swali fupi: ulitaka kusema nini? Nilidhani ananionea wivu. Debe tupu, ndugu zangu, halijui kuwa ni tupu. Hujisikia linavuma tu.

Sasa nitawaeleza siku nilipolijibu swali la mwalimu yule.

Mwaka 1976 nilikuwa hakimu kijana katika mahakama ya wilaya moja ambayo sitaitaja. Vijana huenda hamjui jinsi kazi ile ilivyokuwa ikifanyika. Shahidi alisema Kiswahili, mshtakiwa alisema Kiswahili, na hakimu aliuliza kwa Kiswahili. Lakini kumbukumbu za kesi ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa mkono wa hakimu mwenyewe, papo hapo. Sikio lilikuwa la Kiswahili, kalamu ilikuwa ya Kiingereza, na katikati palikuwa na kichwa cha mtu mmoja.

Siku hiyo aliletwa mbele yangu mkulima mmoja, mtu wa makamo, aliyeshtakiwa kwa kumjeruhi jirani yake. Wote wawili walikuwa kwenye kilabu cha pombe. Jirani alianguka kizingitini akavunjika mkono. Mshtakiwa akajieleza hivi: "Mheshimiwa, mlangoni palikuwa na watu wengi. Mimi nilikuwa natoka, nikamkumba, akaanguka." Na alipokuwa akisema aliinua bega lake la kulia kidogo, kuonyesha ilivyokuwa.

Kukumba. Kila mmoja wetu hapa analijua neno hilo. Ni kumpitia mtu kwa bega au kwa mwili, kumsukuma katika kupita, na mara nyingi bila ya kumkusudia yeye hasa. Siyo kupiga, wala siyo kuangusha. Kalamu yangu ikasimama. Mimi niliyekuwa na neno la herufi 29 sikuwa na neno la kukumba. Shahidi mwingine alikuwa akisubiri nje, karani alikuwa akinitazama, na joto lilikuwa kali. Nikaandika: "I knocked him down." Yaani, nilimpiga dafrao nikamwangusha chini. Nikaendelea na kesi.

Kabla sijatoa hukumu nikahamishwa. Hakimu aliyenifuata alirithi jalada lile. Yeye hakuliona lile bega likiinuliwa wala hakusikia neno kukumba. Aliyaona maandishi yangu, na katika maandishi yangu mtu yule alikuwa amekiri. Alimtia hatiani akampa kifungo cha miezi sita. Simlaumu. Alisoma nilichokiandika.

Miaka miwili baadaye nilikutana na mkulima yule kwenye kituo cha basi. Nilimwamkia, kwa kuwa alikuwa mkubwa kwangu, naye akaitika vizuri. Kisha akaniuliza bila ya hasira: "Mheshimiwa, mimi nilisema nilimkumba. Iliposomwa hukumu nikasikia nimekiri kumpiga. Wewe uliandika nini?" Sikuwa na jibu. Nilielewa baadaye kwamba mvua za mwaka ule zilimkuta gerezani, na mkewe alilima peke yake na watoto.

Usiku ule nilifungua kamusi. Nilianza na neno la kusukuma, nikaenda kwa jamaa zake, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikafika kwenye herufi J. Nikalikuta neno "jostle". Herufi sita. Asili yake ni mchezo wa vita wa mashujaa wa Ulaya wa zamani, waliokuwa wakikumbana wakiwa juu ya farasi; lakini maana yake ya siku zote ni kukumba, kukumbana na watu katika msongamano. Lilikuwa katika ukurasa ambao nilikuwa nimeupekua mara nyingi nilipokuwa mwanafunzi hapa. Nililiruka kwa sababu lilikuwa fupi.

Ndugu zangu, tangu siku ile niliacha kukusanya maneno kama mtoto akusanyavyo vifuniko vya soda. Nilianza upya, na njia nilizozifuata ndizo ninazotaka kuwapa vijana leo. Ni nne.

Njia ya kwanza ni kuanzia nyumbani. Usianze na neno la Kiingereza ukatafuta maana yake. Anza na neno la Kiswahili unalolijua vizuri, ukajiulize Mwingereza hulisemaje. Chukua kutembea tu. Mwanafunzi wa kawaida ana "walk" na "run", basi. Lakini Kiswahili chake kina kunyata, kuchechemea, kupepesuka, na kujikokota. Akitafuta atakuta kwamba kunyata ni "tiptoe", kuchechemea ni "limp", kupepesuka ni "stagger", na kujikokota kwa uchovu ni "trudge". Hali kadhalika katika kutazama: kutupa jicho ni "glance", kukodoa macho ni "stare", kumkazia mtu macho kwa hasira ni "glare", na kuchungulia ni "peep". Hakuna hata moja katika hayo lenye urefu wa kutisha. Lakini mwenye kuyajua anaweza kuandika kwamba mlevi alipepesuka, mwizi alinyata, na mgonjwa alijikokota. Na msomaji akawaona wote watatu, kila mmoja na mwendo wake. Asiyeyajua atawatembeza wote mwendo mmoja.

Njia ya pili ni kuuliza ukoo wa neno. Maneno yana ukoo kama watu, na ukimjua babu ya mtu humsahau tena. Sisi Waswahili tuna bahati ambayo wengi hatuijui: baadhi ya maneno ya Kiingereza ni binamu zetu. Upepo uliovusha majahazi ya wazee wetu huitwa kwa Kiingereza "monsoon". Neno hilo Waingereza walilipata kwa Wareno, na Wareno walilipata kwa Waarabu, kutoka neno mawsim. Nasi kutoka neno hilo hilo tuna msimu. "Tariff", ushuru wa forodhani, limetoka kwenye neno la Kiarabu la kuarifu. Ndugu yake kwetu ni taarifa. "Zero" na "cipher" yote mawili yametoka kwenye sifr; kwetu ni sifuri, ambayo baadhi yetu tuliijua sana katika hesabu. Na hili jarida letu ambalo hotuba hii itachapishwa ndani yake, Mwingereza huliita "magazine". Asili yake ni neno la Kiarabu la ghala, la mzizi ule ule uliotupa sisi hazina. Basi mwanafunzi aliyekwisha kujua msimu, taarifa, sifuri na hazina, amekwisha kushika ncha ya kamba.

Maneno mengine yana kisa. "Boycott" lilikuwa jina la mtu. Kapteni Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba katika jimbo la Mayo huko Ireland, na mwaka 1880 wapangaji wa ardhi na majirani walikataa kumfanyia kazi, kumwuzia bidhaa na hata kumpelekea barua. Jina lake likawa neno la kumsusia mtu au kitu. "Candidate", mgombea, limetoka katika Kilatini, kwa sababu Warumi waliotaka vyeo walipita mbele ya watu wakiwa wamevaa vazi jeupe linalong'aa. Wakati wa uchaguzi hapa kwetu, tazameni nguo za wagombea, halafu mtalikumbuka neno hilo. "Procrastinate" limebeba ndani yake neno la Kilatini la kesho. Ni ugonjwa wa kuahirisha, wa yule anayesema nitaanza kusoma kesho. Na "serendipity", bahati ya kukuta jambo jema usilolitafuta, lilitungwa na Horace Walpole mwaka 1754 kutokana na hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip. Na Serendip ni jina la zamani la Sri Lanka.

Tena msidhani kwamba wao ndio wanaotoa na sisi ndio tunaopokea tu. Neno safari liliingia katika Kiingereza karne ya 19 kutoka kwetu, na leo limo katika kila kamusi yao. Nasi tulipochukua la kwao hatukuona haya. Askari wa barabarani aliandika kibao cha kushika kushoto, na wananchi wakapata kiplefti. Vikazidi kimoja, vikawa viplefti, kwa sarufi yetu wenyewe. Huo ndio ujasiri wa kumiliki neno.

Njia ya tatu ni kujua neno hutembea na nani. Kwa Kiswahili giza ni totoro, usingizi ni fofofo, na kitu cheupe ni pe. Mgeni akikuambia "giza pe" utajua kuwa amejifunza maneno lakini hajui jamaa zake. Kiingereza ni vivyo hivyo. Giza totoro kwao ni "pitch dark", giza la lami. Kulala fofofo ni "fast asleep", ijapokuwa "fast" kwingine ni mbio au imara. Kwa hiyo usilinakili neno likiwa peke yake kama yatima. Linakili pamoja na sentensi nzima ulimolikuta, iwe katika kitabu, gazeti, au hiyo simu yako. Kisha litumie mara tatu katika wiki hiyo hiyo. Neno moja kwa siku ni maneno 365 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Katika hili msione aibu kwenda polepole. Samuel Johnson alitoa kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755, yenye maneno yapatayo 42,000. Kamusi kubwa ya Oxford ilianza kama wazo mwaka 1857, sehemu yake ya kwanza ikatoka mwaka 1884, na ya mwisho mwaka 1928. James Murray, mhariri wake mkuu, alifariki mwaka 1915 kabla haijakamilika. Walioikusanya walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa watu wa kujitolea waliopeleka sentensi kwa posta. Mmojawapo alikuwa William Minor, daktari wa jeshi kutoka Marekani, ambaye mwaka 1872 alimwua mtu huko London, akaonekana hana akili timamu, akafungwa katika hospitali ya Broadmoor. Kutoka humo alipeleka maelfu ya sentensi. Nikiwa hakimu nilimfikiria sana mtu huyo. Uhuru wake alikuwa ameupoteza, lakini kazi ya kutafuta neno na mahali pake hakuiacha.

Njia ya nne ni kujizuia. Neno adimu ni kama pilipili. George Orwell, katika makala yake ya mwaka 1946 juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, aliwashauri waandishi wasitumie neno refu mahali ambapo fupi linatosha. Ushauri huo hausemi usijue maneno mengi. Asiye na maneno mengi hana la kuchagua. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1969, angeweza kuandika mfanyabiashara. Akaandika Mabepari wa Venisi. Mimi na wewe tunaweza kukubali au kukataa, lakini hatuwezi kusema kwamba hakuchagua. Huko ndiko kuwa na msamiati: kuwa na maneno matatu mkononi, kuyaacha mawili kwa hiari, na kujua kwa nini umeyaacha.

Najua kijana mmoja huko nyuma ananiuliza moyoni: Babu, mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kiingereza chako cha nini tena? Ni swali zuri, na nitalijibu kwa haki. Sheria hiyo ingekuwapo mwaka 1976, mkulima yule angeandikiwa neno lake kama alivyolisema, na pengine angelima shamba lake. Niliposikia habari hiyo redioni nilikaa kimya kwa muda mrefu. Kwa hiyo sikuja hapa kukisifu Kiingereza juu ya Kiswahili. Tangu mwaka 1981 tuna Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na mwanafunzi ambaye hana kamusi ya lugha yake mwenyewe asijisumbue na ya wengine.

Lakini vitabu vya udaktari, vya uhandisi na vya biashara ya dunia mtavikuta bado kwa wingi katika Kiingereza. Mtasaini mikataba. Mtawaandikia watu wasiowajua wala kuwaona. Mgonjwa atawaeleza maumivu yake kwa Kiswahili, kwamba ni ya kuchoma, au ya kuwanga, au ya kukereketa, nanyi mtaandika ripoti itakayosomwa na daktari wa nchi nyingine. Siku hiyo atakuwapo mtu mwenye neno lake sahihi, na usalama wake utategemea kama nawe unalo la kulibebea. Usipokuwa nalo, usikimbilie lililo karibu kama nilivyofanya mimi. Simama. Uliza. Ikibidi, andika neno lile lile la Kiswahili katikati ya Kiingereza chako, ukaeleze maana yake. Jambo hilo lingenichukua nusu dakika, na sikulifanya kwa sababu Kamusi aliona aibu kuonekana amekosa neno.

Ndugu Mwenyekiti, nina pendekezo dogo. Mwaka huu kila mmoja wetu aliyejaliwa alete kamusi moja katika maktaba ya shule, ya Kiswahili au ya Kiingereza. Mimi nimekuja na mbili, ziko ndani ya gari. Aidha nimeleta kitabu cha Roget, ambacho kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1852, na ambacho hupanga maneno kwa maana zake badala ya herufi. Ukiingia na neno la kusukuma utakuta jamaa zake wote wamekaa pamoja. Laiti ningekuwa nacho mezani siku ile.

Namalizia. Mkulima yule amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Mwaka mmoja baada ya kukutana kituoni nilikwenda nyumbani kwake, nikamweleza nilichokuwa nimeandika, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza ni neno gani hasa lililokuwa limepungua, akataka nilitamke. Nikalitamka: "jostle". Akajaribu kulisema, ulimi ukamkataa, akajaribu tena, akacheka. Akaniambia, "Kumbe ni dogo hivyo?"